Kapu la Bi Mkubwa

Mume wangu Gharibu ana tabia moja: akishapata jambo la kunisema, halimtoki mpaka linyauke. Mwaka huu jambo lenyewe lilikuwa simu yangu.

"Mama Yassin," aliniambia asubuhi moja tukiwa kibarazani kwetu Kibiti, yeye na chai yake, mie na ungo wangu wa ufuta, "mtu mmoja, simu moja. Programu mbili za muziki za nini?"

"Sikio la kulia lina yake, la kushoto lina yake."

"Nakuuliza kwa uzuri."

"Na mie nakujibu kwa uzuri. Kunywa chai, inapoa."

Haki ya Mungu, maswali mengine hayana jibu la kumpa mume. Programu ya kwanza aliniwekea mwanangu Yassin siku alizokuja likizo kutoka chuoni. Ya pili aliniletea Gharibu mwenyewe, ilikuja pamoja na kifurushi cha simu, na ndani yake mna taarabu zote za zamani na za sasa, mna kaswida, mna dansi, mna mpaka zile kelele za vijana wa Dar. Tukazipa majina. Ile ya zamani tukaiita Bi Mkubwa, hii mpya Bi Mdogo. Siku ile Gharibu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Ati miaka yote hii yeye hajathubutu kuongeza mke, kumbe uke wenza utaletwa na mkewe.

Bi Mdogo ni mzuri, sikatai. Kila nilichokitaka alikuwa nacho. Bi Mkubwa amechoka, anakwamakwama, na nyimbo nyingine ukimwuliza hazijui. Mtu mwenye akili zake angemwacha Bi Mkubwa siku ileile akapumzika na malipo mawili. Lakini Bi Mkubwa alikuwa na kapu, na humo kapuni ndimo alimokuwa dada yangu Hafsa. Na mie na dada yangu Hafsa tulikuwa hatusemezani.

Ngoja nieleze kapu.

Mama yetu, Bi Mwantum, alilima mpunga kule Maparoni, kwenye delta, mahali ambapo huwezi kusema huu ni mto au hii ni bahari. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanakuja makundi kwa makundi, na mwenye shamba anahamia shambani. Analala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi, chini yako maji na mpunga. Kutwa kazi yako ni kuamia ndege: unavuta kamba zenye makopo, unarusha udongo, unapiga ukelele. Mie na Hafsa tumekulia humo. Kila shamba lina ukelele wake, ukisikia tu unajua hapo ni kwa nani. Wa kwetu Mama alikuwa akisimama ukingoni mwa dungu, anavuta pumzi, halafu:

"Lina mwenyeweee!"

Nasi tuliokuwa pembe ya pili ya shamba tunamjibu, "Yupooo!"

Ndege wanainuka. Tukichoka, Mama anafungua redio yake ndogo ya betri, anaiweka katikati ya mkeka, nasi tunasinzia huku tunasikiliza taarabu na upepo. Mpaka leo sijui nyimbo zipi nilizisikia kweli na zipi niliziota.

Mama alipougua, Hafsa ndiye aliyemchukua. Ameolewa Utete, karibu na hospitali. Redio ikaenda na Mama. Lakini redio inaimba inachotaka yenyewe, na mgonjwa anataka anachotaka yeye. Ndipo Yassin akatutengenezea kwenye Bi Mkubwa orodha moja ya nyimbo, ya watu wawili: mie natia wimbo nikiwa Kibiti, Hafsa anatia akiwa Utete, Mama anasikiliza kitandani. Mama ndiye aliyeiita kapu. Kila asubuhi anamwuliza Hafsa, "Mina ametia nini kapuni leo?" Mina ndiyo mie, Mwanamina.

Mama akafa. Mungu amrehemu. Siku ya arobaini, watu hawajamaliza hata kula ubwabwa, nikamwambia dada yangu redio ya Mama ni ya dunguni, irudi dunguni. Hafsa akasema Mama amefia mikononi mwake, redio haiendi popote. Nikasema neno. Akasema neno. Akaniuliza mbele ya mashangazi, "Na wewe ulikuwa wapi alipokuwa akikohoa damu?" Nikainuka nikatafuta viatu vyangu. Tangu siku ile simu yake sikupiga, yangu hakupiga.

Lakini kapu lilibaki. Hakuna aliyelifuta.

Mtu asiyetujua wanawake wa huku atashangaa. Sisi ukiwa na neno na jirani huendi kumgongea mlango. Unaweka taarabu, unaongeza sauti, unachukua ufagio unafagia uwanja mahali ulipokwisha kufagia. Mwenye kusikia atasikia. Basi wiki ileile nilitia kapuni wimbo wa mwizi wa vitu vya marehemu. Kesho yake nikaukuta wa Hafsa, wa mwanamke mwenye ulimi mrefu na mikono mifupi. Loo! Nilikaa kitako. Nikamtafutia mkali zaidi, naye akanitafutia mkali zaidi, tukaenda hivyo mpaka maneno makali yakatuishia.

Yalipotuishia, hatukuacha. Mwezi wa Ramadhani akatia kaswida, nami nikatia kaswida. Sikukuu akatia wimbo wa harusi, bila sababu, labda aliukumbuka tu. Mvua zilipozidi na mto ukafurika, tukasikia barabara ya kwao imekatika, nikatia wimbo wa mtu anayeulizia hali ya msafiri wake. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nafungua, naukuta wake: wa msafiri aliyefika salama. Nililia huku nakaanga samaki. Gharibu akauliza kulikoni, nikamwambia moshi.

Mtu ataniuliza, sasa si umpigie simu? Ebo! Yeye ndiye mkubwa. Aanze yeye.

Kwa hiyo ndiyo maana Bi Mkubwa hakatwi. Kwa nyimbo, Bi Mdogo alinitosha na kubaki. Bi Mkubwa nilimlipia kwa ajili ya mtu mmoja aliyeko Utete. Na hilo ningelisema vipi kibarazani, kwa mwanamume ambaye tangu matanga ananiambia, "Mpigie dada yako, yaishe"?

Mpunga ukatia maziwa. Nikaanza kufunga mizigo ya Maparoni: mchele, chumvi, dagaa, chandarua, ile sola ndogo ya kuchajia simu. Usiku wa kuamkia safari nikafungua kapu nione dada ametia nini, nilishushe lote kwenye simu niende nalo, maana shambani mtandao ni wa kubahatisha.

Alikuwa ametia wimbo wa mpangaji. Mpangaji ambaye siku zake zimekwisha nyumbani kwa watu na hajui kutoka.

Nikausikiliza mara ya kwanza. Nikausikiliza tena. Mpangaji ni nani kama si mie? Nyumba ya watu ni ipi kama si shamba la Mama, ninalolilima peke yangu tangu afe, mgongo wangu, mikono yangu? Kumbe muda wote huu wa kaswida na harusi alikuwa ananipigia mahesabu ya shamba!

"Baba Yassin!" nikaita. "Baba Yassin, njoo! Kata."

"Nikate nini?"

"Bi Mkubwa. Umenisumbua miezi. Mkate leo, mkate sasa hivi."

Gharibu akaniangalia usoni. "Una uhakika?"

"Nimesema kata!"

Akakata. Bi Mkubwa akaniuliza kwenye kioo kama kweli nataka kuondoka, akaniuliza tena, Gharibu akabonyeza, kapu likafungwa na nyimbo zote zikapauka. Asubuhi nikapanda gari la Nyamisati nimekaza uso, nikapanda boti, nikapanda mtumbwi, na uso bado nimeukaza.

Dungu lilinipokea kama siku zote. Nguzo zimeelemea kidogo upande wa mikoko, makuti yamechakaa, lakini ngazi ni ileile niliyopanda nikiwa sina meno ya mbele. Nikafunga kamba, nikaning'iniza makopo, nikapiga ukelele wa kwanza.

"Lina mwenyeweee!"

Nikasubiri. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Ndege wakainuka, wakazunguka juu ya shamba, wakaenda kwa jirani.

Siku za dunguni hazihesabiki. Asubuhi kuna ukungu, unaona vichwa vya mpunga tu, mengine yote ni meupe, na sauti za mashamba ya mbali zinakujia bila watu. Mchana joto linazidi, maji kati ya mpunga yanatulia mpaka mbingu inaonekana chini, na wewe umekaa katikati, juu mawingu, chini mawingu. Macho yanakuwa mazito. Unavuta kamba huku unasinzia, unaota unavuta kamba, unaamka mkono unavuta kamba.

Bi Mdogo aliimba. Nilikuwa nimeshusha nyimbo zake nyingi kabla ya kuondoka, nyingine nilizichagua mie, nyingi alizichagua mwenyewe, maana ana akili hiyo: akijua unachokipenda anakuletea ndugu zake. Na alipatia, jamani. Alinijua kuliko Gharibu. Lakini kila wimbo ukianza najiuliza, huu nimetiliwa na nani? Ana neno gani na mie? Hakuna. Hakuna mtu nyuma yake. Zilikuja nzuri, zikapita nzuri, nikabaki palepale kwenye mkeka.

Mchana mmoja nikasikia redio ya Mama. Si wimbo, ule mkwaruzo wake wa kutafuta stesheni, na Mama anaipigapiga mgongoni kwa kiganja. Nikasema, "Mama, betri zimekwisha, ziweke juani." Nikafumbua macho. Makopo yalikuwa yanagongana kwa upepo, na ndege wamejaa shambani. Nikawafukuza nikiwa nalia. Nilimkumbuka dada yangu, ndiyo hivyo, sina namna nyingine ya kulisema. Shamba achukue, mpangaji mie nitatoka, lakini nilitaka kujua leo asubuhi ametia nini.

Nikavua kanga ya juu, nikateremka, nikakanyaga tope mpaka kwenye mikoko, pale pembeni ambapo mtandao huwa unapita. Nikanyanyua simu. Bi Mkubwa akafunguka kidogo, akaniambia kapu limefungwa, lipia kwanza. Nikaanza kulipia, mtandao ukaondoka. Nikasubiri, nikanyanyua mkono mpaka bega likauma. Hakuna. Nikamtukana Gharibu, ambaye hakuwa na kosa, lakini mtu lazima umtukane mtu. Nikarudi nimejaa tope mpaka magotini.

Siku zikaendelea kuchanganyika hivyo, mawingu ya juu na mawingu ya chini. Hata ilipotokea alasiri ile, sikuiamini.

Nilikuwa nimelala ubavu, macho nusu. Bi Mdogo nimemzima, nimechoka na uzuri wake. Kutoka upande wa mkondo, nyuma ya mikoko, nikasikia:

"Lina mwenyeweee!"

Nikasema moyoni, Mama leo amerudi mapema. Nikatulia nisiiharibu ndoto. Halafu tena, karibu zaidi, na safari hii sauti imekatika mwishoni kama ya mtu mwenye hofu:

"Lina mwenyeweee?"

Shamba letu peke yake ndilo lenye ukelele ule. Mama yuko kaburini. Aliyebaki mwenye ukelele ule, ukiniondoa mie, ni mmoja tu duniani. Nikainuka nusura nianguke dunguni, nikashika nguzo, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Yupooo!"

Mtumbwi ukatokeza kati ya mikoko. Mbele kakaa Hafsa, amejifunga kanga kichwani, kashika kingo zote mbili za mtumbwi kama paka aliyetiwa kwenye maji. Dada yangu tangu utoto anaogopa mitumbwi. Aliponiona nimesimama, akaachia kingo, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika.

Mwenye mtumbwi akamteremsha, akaondoka. Hafsa akapanda ngazi bila salamu, akanishika kichwa, akanipapasa mashavu, akanigeuza kama anakagua embe sokoni.

"Huumwi?"

"Siumwi."

"Hujaumwa?"

"Sijaumwa, dada. Shikamoo."

Akanipiga kofi la bega, akanipiga la pili. "Mshenzi wewe! Natia wimbo, kimya. Natia mwingine, kimya. Natia ule Mama aliokuwa akiupenda, kimya! Tangu Mama afe hujawahi kunyamaza hivyo. Hata tulipokuwa tunatukanana hukunyamaza!"

"Simu yangu haishiki huku."

"Nimeijua hiyo, nimepiga mpaka nimechoka. Nikampigia Gharibu, akasema uko shamba, mzima. Wanaume wanajua nini? Nikasema, Mina ama amekufa ama amenichoka kabisa. Yote mawili sikuweza kukaa nayo Utete."

Nikakaa kwenye mkeka.

"Wewe ndiye uliyeniambia nitoke," nikamwambia. "Ule wimbo wa mpangaji."

"Wimbo gani wa mpangaji?"

"Wa mpangaji asiyejua kutoka kwa watu! Si ndilo shamba hili?"

Hafsa akaniangalia, mdomo wazi. Akajaribu kukumbuka, paji la uso likakunjamana. "Ule wenye kinanda? Mwanzoni, kabla bibi hajaanza kuimba?" Akauimba mdomoni kile kipande cha kinanda, vidole vinacheza hewani. "Mina, mimi nilipenda kinanda tu. Maneno yake hata sikuyasikiliza."

Wallahi sikujua nicheke au nimsukume majini. "Wewe! Muda wote huu umenitilia kila wimbo na neno lake, halafu siku moja unatia kinanda?"

"Basi nisipende kinanda?"

Tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka dungu likalia. Nilipopata pumzi nikasema, "Na redio ya Mama iko wapi? Si ungekuja nayo."

Kicheko kikamwisha. Akaanza kuchezea ncha ya kanga.

"Ilikufa," akasema. "Wiki ileile ya arobaini. Nilifika nyumbani nikaifungua, ikakwaruza kidogo, ikanyamaza. Nimempelekea fundi, akasema hii tena basi. Nikaona haya. Nikuambie nini, kwamba nimekunyang'anya kitu kikafia mkononi mwangu? Nikasema bora udhani bado ninayo."

Nilimvuta kichwa nikakilaza begani kwangu, tukamlilia Mama vizuri, vile ambavyo hatukumlilia siku ya arobaini.

Baadaye nikampa pepeta, mpunga mchanga niliokaanga na kuutwanga, na kipande cha nazi. Akala huku anatazama shamba, na hapo ndipo aliponiambia la mumewe. Ati yeye Hafsa naye ana programu mbili. Ile nyingine ni nzuri zaidi, nyimbo zake zote ziko huko, na mumewe kila siku ni kumsema, mbili za nini, mbili za nini.

"Unamjibuje?"

"Namwambia sikio la kulia lina yake, la kushoto lina yake."

Nikamwangalia. Alikuwa hatanii, alikuwa anatafuna nazi.

Nikamweleza habari za Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na kwamba Bi Mkubwa nimemkata. "Sasa tunaweza kumwacha moja kwa moja," nikasema. "Si tumekwisha kuongea?"

"Hapana, Mina." Akajilaza kwenye mkeka, mahali palepale alipokuwa akilala zamani, upande wa ngazi. "Mlipie ukitoka tu. Mie na wewe tukiongea sana tutagombana tena. Acha kapu liwepo."

Usingizi ukamchukua palepale, amesafiri tangu alfajiri na hofu yake. Upepo ukashuka. Maji yakatulia, mawingu yakashuka kati ya mpunga.

Ndege wakaja. Kundi zito, likazunguka mara moja, likatua pembe ya mbali ambako mpunga umeiva kuliko kwingine. Nikashika kamba ya makopo, nikasimama, nikafungua mdomo. Hafsa akageuka usingizini, akaivuta kanga yangu akajifunika nayo yeye, kama alivyokuwa akininyang'anya tulipokuwa wadogo.

Nikaiachia kamba polepole, makopo yasilie. Nikakaa. Ndege wakala mpunga wa Mama mpaka jua likaegemea mikoko, nami niliwaacha wale.